Munyu wa Pwani, Mbatata za Mlimani

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Kibirichia huipa bahari kisogo, na mwishowe hufika juu sana kuliko alipoanzia. Hupita nyika ya Taru na mbuga za Tsavo, akafika Nairobi, kisha akaishika njia ya Embu na Chuka inayokatiza mito mingi iteremkayo kutoka Mlima Kenya. Karibu na mji wa Meru huvuka mstari wa ikweta, na hapo bado hajafika, kwa kuwa Kibirichia iko juu zaidi, upande wa kaskazini wa mlima, katika nchi ya Buuri iliyoinuka zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Sisi tuliozoea jasho la Mvita tulivaa kanzu, juu ya kanzu sweta, na juu ya sweta koti la kuazima, na hata adhuhuri ilipoingia tulikuwa tungali tukisugua viganja.

Safari yetu ilikuwa ya kuwazuru jamaa zetu wa Majengo, mjini Meru. Wao ndio waliotuambia kuwa haipendezi mtu wa pwani arudi kwao bila kupaona zitokako mbatata anazozila. Ndivyo tulivyofika Kibirichia. Mashamba ya viazi, ambavyo wenyeji huviita waru, yametanda pande zote za njia. Na ukielekeza uso kaskazini waiona nchi ikiteremka kuelekea nyanda kavu za Isiolo, ambako rangi ya kijani hukoma na kuanza rangi ya mchanga. Magunia hupangwa kando ya barabara yakisubiri malori. Mizigo ya nyanda hizi za Meru hufika hata Kongowea, na kutoka Kongowea huingia majikoni mwetu ikawa viazi vya karai, ikawa bhajia, ikawa katlesi za futari, ikawa mbatata iliyojificha ndani ya biriani.

Mwenyeji wetu wa Kibirichia, mama wa makamo alimaye ekari mbili, alitukaribisha kwa viazi vilivyochemshwa na maganda yake, chai ya maziwa, na kisahani cha chumvi. Alitusogezea kisahani kile akasema, "Karibu, Sheikh. Viazi ni vyetu, chumvi ni yenu."

Alisema kweli. Chumvi nyingi inayotengenezwa Kenya kwa ajili ya chakula hutoka pwani yetu, kaskazini mwa Malindi, katika nchi ya Magarini: Gongoni, Marereni na Kurawa. Huko maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua na upepo vikayakausha, na chumvi ikabaki chini kama theluji ambayo watu wa pwani hatuijui. Katika kila lita moja ya maji ya bahari mna takribani gramu 35 za chumvi. Tusisahau kuwa chumvi hiyo imewagharimu watu. Mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa ripoti ya uchunguzi wake juu ya malalamiko ya wakazi wa Magarini kuhusu ardhi, mikoko na visima vyao kuharibiwa na shughuli za chumvi. Atiaye chumvi mchuzini ana haki ya kujua kuwa kuna aliyelalamika nyuma ya chembe hizo.

Neno moja, milima na visiwa

Wazee wa Lamu na visiwa vyake hawakuita kitu hiki chumvi, walikiita munyu. Nasi tulipolitamka neno hilo Kibirichia, walicheka kwa furaha, kwa kuwa Kimeru nacho kinalo. Munyu ni neno kongwe la lugha za Kibantu, na limesalia sehemu nyingi kuanzia bara hadi pwani.

Lakini kwa Wameru kuna zaidi ya neno. Masimulizi yao ya asili husema kwamba walitoka mahali paitwapo Mbwaa, penye maji makuu, ambako walitaabishwa na watu wa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Wakatoroka usiku wakiongozwa na Koomenjoe, naye akayapiga maji kwa fimbo yake, yakagawanyika, wakavuka. Mwislamu asikiaye kisa hicho hawezi kuacha kumkumbuka Nabii Musa, alayhi ssalaam. Wako wanahistoria walioihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu. Vyovyote iwavyo, watu wa mlima huu husimulia kwamba bahari imo katika mwanzo wao, na mtu wa pwani aketipo nao haketi na wageni kabisa.

Mmea usiotaka chumvi

Tulimuuliza mama yule kama mashamba ya Kibirichia huhitaji chumvi. Akacheka. "Ukitaka viazi vife, vimwagie maji ya chumvi," akasema.

Chumvi ya jikoni ni muungano wa vitu viwili, sodiamu na klorini, na katika uzito wake sehemu mbili kwa tano ni sodiamu. Mzizi hunywa maji kwa sababu utomvu ulio ndani yake ni mzito kuliko maji ya udongoni, basi maji huvutwa kuingia. Udongo ukizidiwa na chumvi, mvuto huo hugeuka. Mmea hufa kwa kiu hali udongo umelowa. Tena sodiamu ikiingia kwa wingi hushindania nafasi ya potasiamu, madini ambayo mmea hauwezi kuishi bila ya hayo. Mimea mingi haihitaji sodiamu hata kidogo. Iko michache, kama baadhi ya jamii za mchicha, inayoihitaji kwa kiasi kidogo mno. Mbatata si miongoni mwa hiyo. Yenyewe hukusanya potasiamu: gramu 100 za kiazi kilichochemshwa na ganda lake huwa na miligramu zinazokaribia 400 za potasiamu, na sodiamu isiyofika miligramu 10.

Hapo ndipo tulipoikumbuka mikoko yetu. Miti hiyo husimama ndani ya maji ya chumvi mchana na usiku, na kila mmoja umejaaliwa hila yake. Mkoko huichuja chumvi mizizini, ikabaki nje. Mchu huiruhusu kiasi kuingia, kisha huitoa kupitia majani. Atakayepitisha ulimi juu ya jani la mchu siku ya jua ataionja. Lakini mikoko nayo ina mpaka. Ikifungiwa njia ya maji kupwa na kujaa, na chumvi ikazidi kulimbikana, hukauka ikisimama.

Watu wa Lamu walijua jambo hili kwa upande mwingine. Maji matamu ya mji wao hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambako maji ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Yakichotwa kwa kiasi, utamu hubaki. Yakichotwa kwa pupa, chumvi hupanda. Msomaji wa Sura ya Furqan anajua kwamba maji matamu na maji ya chumvi yametajwa humo pamoja na kizuizi kilichowekwa kati yake. Mkazi wa Shela huyaona hayo kisimani.

Ng'ombe, tembo na mishipa ya fahamu

Nyuma ya nyumba ya mwenyeji wetu palikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, na mbele yao jiwe la chumvi lililochongwa na ndimi zao likawa na shimo katikati. Sababu yake ni hiyo tuliyokwisha kuieleza. Majani hayahitaji sodiamu, hivyo huwa nayo kidogo. Mnyama alaye majani anaihitaji, hivyo huwa na njaa nayo daima. Nchi za mvua nyingi za milimani zina upungufu zaidi, kwa kuwa mvua huisafisha sodiamu udongoni na kuipeleka mitoni, na mito huipeleka baharini. Njaa hiyo ndiyo iwapelekayo tembo wa Mlima Elgon katika pango la Kitum, ambako huingia gizani usiku, wakayachimba mawe kwa pembe zao na kuyatafuna kwa ajili ya chumvi iliyomo.

Binadamu naye ana njaa hiyo, na Mola hakuiweka bure. Ndani ya kila chembe hai ya mwili wetu mna potasiamu nyingi, na nje yake mna sodiamu nyingi. Katika ukuta wa chembe kuna kitu mfano wa pampu, ambacho hutoa sodiamu tatu nje kila kinapoingiza potasiamu mbili ndani. Kazi hiyo haikomi, tukiwa macho au usingizini. Tofauti hiyo ya ndani na nje huzaa umeme mdogo, wa takribani sehemu 70 za volti moja iliyogawanywa mara 1,000. Mshipa wa fahamu unapopeleka habari, milango ya ukuta hufunguka, sodiamu ikaingia kwa kishindo, na habari ikasafiri. Kidole kinachogusa sufuria ya moto kikaruka kabla mtu hajafikiri, hukirusha sodiamu na potasiamu.

Mama mwenye mtoto wa kuharisha anapaswa kuyajua haya kuliko mtu yeyote. Kuharisha hutoa maji pamoja na chumvi ya mwili, na maji matupu hayatoshi kurudisha kilichotoka. Utumbo huipokea sodiamu vizuri ikiwa imefuatana na sukari, na maji huzifuata zote mbili. Ndiyo maana ya vipakiti vya dawa ya kuharisha vinavyotolewa zahanati. Vikikosekana, hutengenezwa nyumbani: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa juu, si vya kurundika. Chumvi ikizidi hapo, humdhuru mtoto yule yule iliyokusudiwa kumwokoa. Na mtoto apelekwe kwa daktari bila kuchelewa.

Magadi na betri

Mama wa Kibirichia hutia magadi kidogo katika mahindi na maharagwe ili yalainike upesi na kupunguza kuni. Magadi ni sodiamu vilevile, ila yamechanganyika na kitu kingine kisicho klorini. Kiwanda cha magadi katika ziwa la jina hilo, kusini mwa Nairobi, kina historia inayoanzia mwaka 1911, na magadi yake huuzwa hasa kwa watengenezaji wa kioo. Wataalamu huiandika sodiamu kwa herufi mbili, Na, nazo zimetokana na natiriamu, jina lililotoka katika natruni, yaani magadi ya Misri ya kale. Aliyeitenga sodiamu kwa mara ya kwanza ni Humphry Davy wa Uingereza, mwaka 1807, kwa kupitisha umeme wa betri katika soda kali iliyoyeyushwa.

Sasa sodiamu iliyopatikana kwa betri imerudi kuwa betri. Katika nyumba za Kibirichia, kama katika nyumba nyingi za Ganze na Faza, jua la mchana huwekwa akiba kwa ajili ya taa ya usiku na simu. Betri zinazotumika ni za risasi au za lithiamu. Lithiamu ni adimu na bei yake hupanda na kushuka. Risasi ni sumu, na Mombasa hatuhitaji kuelezwa: watu wa Owino Uhuru walidhurika kwa moshi na maji machafu ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, watoto wakiwa katika mstari wa mbele, hata mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Betri ya sodiamu hufanya kazi kwa namna inayofanana na ile ya lithiamu: wakati wa kuijaza, chembe za sodiamu zenye umeme huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na wakati wa kuitumia hurudi zilikotoka. Mwaka 2021 kampuni ya CATL ya Uchina ilitangaza betri yake ya kwanza ya aina hii, na mwaka 2024 kituo kikubwa cha kuhifadhia umeme kwa betri za sodiamu kilianza kazi katika jimbo la Hubei. Sodiamu ni nzito kuliko lithiamu, hivyo betri yake huwa kubwa zaidi kwa umeme ule ule; lakini betri ikaayo pembeni mwa nyumba haimlemei mtu. Tena huvumilia baridi vizuri, sifa ambayo mtu wa Kibirichia ataithamini. Na miongoni mwa malighafi zitumikazo kuitengeneza yamo magadi, bidhaa ambayo nchi yetu imekuwa ikiichota kwa zaidi ya miaka 100. Vijana wetu wasomao sayansi, wa kike kwa wa kiume, wana la kufikiri hapo.

Kula chumvi nyingi

Kiswahili humsifu mzee kwa kusema kuwa amekula chumvi nyingi. Msemo huo ulizaliwa zama ambazo chumvi ilipimwa kwa chembe na kubadilishwa kwa mali, hivyo aliyeila kwa wingi alikuwa ameishi sana. Leo chumvi ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu dukani, na madaktari hutuambia kinyume: aila nyingi aweza asifikie uzee.

Sodiamu huyavuta maji. Ikizidi katika damu, maji huongezeka, mishipa ikabeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake, na shinikizo la damu likapanda. Shinikizo hilo halina kelele. Mtu huamka, huswali, huenda sokoni, kumbe figo, moyo na mishipa ya ubongo vinaumia, mpaka siku ya kiharusi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takribani mtu mzima mmoja katika kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu lililopanda, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa hata mara moja.

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Ukitaka kuiona kwa macho ya pwani, hiyo ni chumvi iliyomo katika maji ya bahari ya kujaza finjani mbili hivi za kahawa. Shirika hilo lilieleza mwaka 2023 kuwa wastani wa dunia ni gramu 10.8, zaidi ya maradufu.

Chumvi hiyo haiingii kwa kijiko tu. Imo katika mkate, katika vidonge na unga wa mchuzi, katika krispi za watoto na achari. Imo katika ng'onda na papa mkavu, ambao afadhali aroweshwe na maji yake yamwagwe kabla ya kupikwa. Imo katika magadi ya maharagwe. Mwezi wa Ramadhani, mfungaji aliyekaa na kiu kutwa hukutana na sambusa, bhajia na katlesi, kila moja ikiwa na sehemu yake ya chumvi, na hakuna aliyezijumlisha. Kumbe kiazi kilikuja kutoka Kibirichia kikiwa na potasiamu tele, ambayo huusaidia mwili kuitoa sodiamu. Sisi ndio tuliokigeuza. Mwenye ugonjwa wa figo, hata hivyo, asiongeze potasiamu wala kununua chumvi mbadala bila kumuuliza daktari wake, kwa sababu figo dhaifu hushindwa kuitoa.

Chumvi isiyofaa kutupwa

Baada ya kuyasema haya yote, tunao wasiwasi mmoja, nao ndio uliotufanya tushike kalamu. Siku hizi kina mama hutumiana ujumbe katika simu kwamba chumvi ya pakiti ni sumu, itupwe, na badala yake inunuliwe ile ya rangi ya waridi ichimbwayo Pakistani, au ya mawe isiyopita kiwandani. Ushauri huo umechanganya mambo mawili. Chumvi ya waridi ni sodiamu na klorini kama nyingine, na hupandisha shinikizo la damu kama nyingine. Inachokosa kwa kawaida ni iodini.

Mama mkwe wa mwenyeji wetu, ajuza aliyekuwa ameketi kimya karibu na moto, tulipoitaja iodini aliligusa koo lake. Akatuambia kwamba utotoni mwake aliwaona wanawake wenye uvimbe shingoni, mkubwa kama kiazi, na watu wakidhani ni jambo la ukoo. Hilo ndilo rovu. Tezi ya shingo huhitaji iodini ili itengeneze homoni zake; ikiikosa, huvimba ikijitahidi. Mvua iliyoiondoa sodiamu udongoni iliiondoa iodini pia, na vyote viwili vikaishia baharini. Ndiyo sababu rovu lilienea katika nyanda za juu za Kenya kuliko pwani, ambako watu hula samaki.

Na rovu ndilo dhara lionekanalo tu. Mjamzito akipungukiwa na iodini, ubongo wa mtoto aliye tumboni haukui ipasavyo, na hasara hiyo hairudishwi baada ya kuzaliwa. Yeye anahitaji maikrogramu 250 kwa siku, ilhali mtu mzima mwingine hutoshwa na 150: kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Tangu mwaka 1978 sheria ya Kenya imetaka chumvi ya chakula itiwe iodini, na sasa zaidi ya nyumba tisa katika kila kumi huipata. Lazima itiwe, kwa sababu chumvi ya bahari peke yake ikikaushwa haibaki na iodini ya kutosha. Hivyo ndivyo chembe kutoka Gongoni zinavyopanda mlima na kumrudishia mtoto wa Kibirichia kile ambacho mvua ilikinyang'anya kijiji chake. Wajukuu wa ajuza yule walikuwa wakikimbia uani na shingo zao laini.

Basi tunachowausia wasomaji wetu ni kubaki na chumvi yenye iodini, na kuipunguza. Ifunikwe vizuri, iwekwe mbali na jua na mvuke wa jiko, na itiwe chakula kikikaribia kuiva, ili iodini isipotee. Mahali pa chumvi iliyopunguzwa pajazwe na ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu thaumu na bizari, vitu ambavyo jiko la Mswahili halijapata kuvikosa. Ulimi hulalamika wiki chache za mwanzo, kisha huzoea. Na kila mtu mzima nyumbani apimwe shinikizo la damu, hata kama hajihisi mgonjwa.

Kipimo cha nyumbani nacho ni chepesi. Siku pakiti ya nusu kilo inapofunguliwa, tarehe iandikwe juu yake kwa kalamu. Nyumba yenye watu wazima watano, kila mmoja akiwa na gramu zake 5, huila kwa siku 20. Na kwa kuwa chumvi nyingine huingia kwa mlango wa mkate na achari, pakiti hiyo yapasa kudumu zaidi ya hapo, na pakiwa na watoto wadogo kipimo chao ni pungufu. Ikiisha siku ya kumi, mkono wa mpishi umekwisha kutoa ushahidi, na marekebisho yaanze kwa pakiti inayofuata.

Wabillahi tawfiq.